Bwana wa Mwanza

Hadi leo mtu akinipa pole kwa ajili ya marehemu bwanangu naona haya, maana pole hiyo siistahili. Alikuwa fundi wa injini katika meli ya mizigo. Siku moja meli yao ilitoka Kisumu na shehena ya saruji, ikapotea ziwani. Hakukuonekana maiti wala ubao. Mimi nilikuwa huku Makadara, mbali na ziwa, na watoto wetu wawili, nauza omena, wale dagaa wa ziwani, mlangoni, kwa sababu sikutaka kuwahamisha shule.

Kwetu mtu akimezwa na maji asipatikane, huzikwa tunda la mwegea badala yake, lile refu kama mkono wa mtu mzima. Huvikwa sanda, likaliliwa vizuri. Shemeji zangu walikuwa wamekwisha kulichuma. Ndipo kuli mmoja akaleta habari kwamba amemwona bwanangu Mwanza, sokoni, akimbebea kikapu mwanamke mwenye mimba. Basi! Wazee wakalitupa tunda. Kumzikia mtu hai ni kumuua, walisema, na nani alitaka kumuua ndugu yake?

Sikuwa mke, sikuwa mjane. Kanisani akina mama hawakujua waniombee nini. Mferejini, tulikoteka maji, walijua la kusema: "Bwana wa Mwanza hajambo?" Nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani kuwagombeza watoto bure. Nikipika ugali mwingi kwa mazoea, nilimtukana baba yao mbele yao. Mhuni yule, nilisema, hana haya wala soni.

Kijana wangu alikuwa amekwisha kufika kidato cha pili nyavu za wavuvi ziliponasa kwenye kitu kizito ziwani. Wapiga mbizi wakashuka. Ilikuwa meli ile ile, imelala ubavu. Ndani ya chumba cha injini walikuta mifupa, na hakuna aliyeweza kusema huu ni wa nani na ule ni wa nani. Shemeji yangu mkubwa alipanda treni akaniletea ufunguo uliotoka katika mfuko wa ovaroli moja.

"Shemeji, hebu utazame huu," alisema.

Ulikuwa mweusi, una tope kwenye meno. Niliusugua kwa mafuta ya taa, nikauingiza kwenye kufuli la mlango wetu. Ukagoma. Nikausukuma tena, ukazunguka.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Sikufikiria maji yalivyomkuta kule chini, wala kama aliita mtu. Nilifikiria jambo moja tu: hakuniacha! Mtu anayehamia kwa mwanamke mwingine habebi ufunguo wa nyumbani. Nilitaka kukimbia hadi mferejini niwaonyeshe wote, mmoja mmoja. Shemeji alikuwa ameketi juu ya gunia la omena analia kwa sauti, na mimi nimesimama pale nafunga kufuli na kulifungua, nafunga na kufungua. Aibu gani hiyo.

Binti yangu alitoka ndani. Akamtazama baba yake mkubwa, akautazama mkono wangu.

"Kwa hivyo baba alikufa?"

"Alikufa, mwanangu. Alikufa kazini."

Aliinua macho, akanitazama usoni.

"Mathe," akasema, "mbona unacheka?"