Filimbi Chini ya Skafu

Mkuu wa chuo cha hapa kwetu Iowa hukaa nyuma ya benchi la wasichana wa mpira wa kikapu, na mimi ninayeuza bisi humtazama mikono. Kabla ya ukuu alikuwa mwalimu wa hesabu na kocha. Filimbi ya enzi hizo bado anaivaa, chini ya skafu, na mchezo ukikaza huisugua kwa dole gumba mpaka kucha inakuwa nyeupe.

Jumamosi ilikuwa fainali, tunaongoza kwa pointi moja, mchezaji wetu Maren akapigwa kiwiko cha kichwa. Aliinuka, akaendelea kukimbia, watu wakashangilia. Mkuu hakushangilia. "Jamani, mtoto anayumba," alisema, na papo hapo akapuliza filimbi. Uwanja mzima ukasimama.

Refa alikuja amewaka. "Mama, umepuliza wewe? Wenzenu wanapata mitupo huru kwa kosa lako!"

"Kaa chini, bibi! Unatuuza!" wakapiga kelele wa nyuma.

Hakukaa. Alimshika Maren mashavu. "Mwanangu, leo tunacheza na nani?"

Maren akatabasamu, macho yakielea. "Kocha," akasema, "kwani mazoezi yameisha?"