Nilishuka Kreta kufanya mtihani wa uguide, nikampa mnyama mgongo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Hiki kisa kimenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na wala sijatia chumvi. Aibu yote ni yangu, kwa hiyo someni kwa amani.

Nasoma uguide kwenye chuo kimoja hapa Karatu mjini. Kwetu ni Endamarariek, mama analima mahindi na maharage.

Darasani kwetu hakuna anayeandika. Madam akishajaza ubao, simu zinainuka zote kama keki ya harusi imeingia ukumbini. Tunapiga picha, tunakaa. "Nitasoma baadaye." Hiyo baadaye mimi sijawahi kukutana nayo.

Juzi simu ikaniambia storage imejaa. Nikafikiria nifute nini, memes au ndege wa Ngorongoro. Nikafuta ndege.

Aliyekuwa anaandika ni mmoja tu, dada wa Kansay, nimwite Paulina. Ana kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe, na counter book. Tulimcheka sana, tukawa tunamwita Katibu Kata.

Sasa ikaja habari ya field, yale mazoezi ya kazini. Lodge moja ilitaka mwanafunzi mmoja, na wakimpenda huwa wanambakiza kazini. Ile nafasi niliitaka kufa na kupona. Wenzangu wana wajomba madereva wa watalii. Mimi sina mjomba hata wa kuosha gari.

Mtihani wa kuipata ulikuwa ndani ya Kreta ya Ngorongoro yenyewe. Gari la chuo, paa limefunguliwa, kila mmoja anakuwa guide kwa zamu na wengine tunajifanya wageni. Jamaa mmoja alijifanya Mjerumani, kila ndege akipita anauliza ana umri gani.

Zamu yangu ikafika. Gari likasimama kwenye nyasi ndefu.

Nikaona kabla sijaanza kuongea nitupie kitu status. Nikasimama, nikaipa Kreta mgongo, nikainua simu, nikaweka ile filter ya masikio ya mbwa, nikaanza kurekodi.

Ghafla gari zima: "Aiseee!"

Nami nikazidi kutabasamu, nikidhani pozi limekaa.

Madam akasema, "Haya guide, waeleze wageni wako wameona nini."

Nikageuka, nikakuta nyasi tupu.

"Madam, naomba sekunde moja nicheki video."

Sitanii wakuu, nilisema hivyo, kwenye mtihani. Nikarudisha video nyuma. Uso wangu umejaa skrini yote, masikio ya mbwa yananing'inia, na pembeni kabisa kuna kipande cha mkia. Nikakaza sauti: "Ladies and gentlemen, huyu ni bweha."

Mjerumani wetu akasahau kama ni mgeni. "Bweha gani ana madoadoa, wewe?"

Paulina akaambiwa amalizie. "Ni mondo," akasema. "Amesikia panya chini ya nyasi, ndiyo maana karuka juu vile na kumwangukia kwa miguu ya mbele. Yale masikio makubwa ndiyo yanamsaidia kuwinda." Daftari hakulifungua hata kidogo.

Tunafika getini, nafasi ya lodge ni yake.

Niliumia. Niliumia zaidi kwa sababu alistahili, sikuwa na hata wa kumlaumu.

Na msinijie na ile ya "simu ni chombo tu." Jembe nalo ni chombo, ila halikuiti kila baada ya dakika mbili uje uone nani kalima.

Video niliipost hivyohivyo, likes zikamiminika. Jumapili nikaenda nyumbani, mama akaomba aione. Mama amezeeka hapa jirani, magari ya watalii anayaona kila akija sokoni, lakini Kreta hajawahi kushuka hata siku moja.

Akaitazama mara mbili, simu kaishika kwa mikono yote miwili.

"Umependeza," akasema. "Sasa sogea kidogo mwanangu, nione huko nyuma."

Wakuu, sikuwa na pa kusogea. Na nilipojaribu kumsimulia, sikuwa na cha kusimulia, maana nilikuwepo na sikuona.

Nimenunua counter book. Naandika polepole kama mtoto wa darasa la pili, mkono unauma, lakini naandika.

Haya, wewe simu imekunyima nini ukiwa umekaa nayo hapohapo? Tiririkeni, hata matusi napokea. Nitawasoma jioni, mchana simu naiacha kwa matron wa chuo.