Rimu ya Gari la Marehemu

Gari lile halikuwa langu, na mwenyewe alikuwa ameshafariki. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote, kwamba nilikuwa nimeharibu kitu cha mtu ambaye hata radhi sikuweza kumwomba.

Nilikuwa dereva wa familia moja ya Kihindi pale Mbeya, wenye duka la vitambaa katikati ya mji. Kazi yangu hasa ilikuwa kumwendesha mama mwenye nyumba: hekaluni, sokoni, kliniki ya presha, nyumbani. Walinichukua mimi mwanamke kwa sababu mama hakupenda kukaa garini peke yake na mwanamume, na kwa sababu siku ya majaribio niliendesha taratibu mpaka akasinzia. Miaka mitatu nilimbeba katika gari la kawaida, la kijivu, tukazoeana. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nami nilimwogopa kidogo.

Gari la pili lilikaa kwenye banda nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, limelala chini kama linanusa barabara. Lilikuwa la mtoto wao wa pekee wa kiume, aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo kabla mimi sijaajiriwa. Mzee hakutaka liuzwe, mama hakutaka liguswe. Mwisho walikubaliana kwamba kila Jumamosi niliwashe, nilitoe taratibu hadi barabara kuu na kulirudisha, betri isife. Na mara moja kwa mwaka, siku ya kumbukumbu ya kijana wao, baada ya ibada mzee alishika usukani mwenyewe, mama akakaa kando yake, wakaenda mpaka Uyole na kurudi. Siku hiyo mimi sikuhitajika.

Nilipoipinda rimu yake haikuwa Jumamosi. Ilikuwa Jumanne. Familia yote ilikuwa Dar es Salaam kwenye harusi ya mpwa wao, wangerudi Ijumaa jioni, na kumbukumbu ilikuwa Jumapili. Jumanne hiyo nilitimiza miaka arobaini na hakuna mtu aliyekumbuka, hata wanangu. Nilikuja kufagia banda. Nikatoa turubai. Nikakaa ndani nikanusa viti vyake vya ngozi. Sina sababu nyingine ya kutoa zaidi ya hiyo. Nilitaka, mara moja tu, kujua lile gari linakimbiaje.

Nilipanda nalo barabara ya Chunya. Kwenye ule mlima wenye kona kona lilipanda kama halijui kuna mlima. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Ndipo kwenye kona moja nikakuta jiwe lililoporomoka kutoka kwenye ukingo wa mlima, si kubwa, saizi ya sufuria. Gari la juu lingelipita likiwa katikati ya magurudumu. Hili la chini lisingeweza. Nilikata usukani, gurudumu la mbele la kushoto likalipiga jiwe kwa ubavu. Nilisikia mlio ambao hata leo naukumbuka.

Tairi halikupasuka. Lilipumua polepole, fyuuu, maana ukingo wa rimu ulikuwa umekunjika kwa ndani na upepo ukapata njia. Nilishuka na lile gari mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, nikisimama kwa kila fundi wa pancha kuongeza upepo. Nilipofika nyumbani nililipandisha kwenye jeki, nikafungua nati tano, nikatoa gurudumu, nikaliweka gari juu ya mawe, nikarudisha turubai. Mlinzi aliniuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," nikamwambia. Ulikuwa uongo wa kwanza.

Jumatano nilimpa fundi wa pancha alitoe tairi, nikazunguka na rimu ndani ya kiroba. Fundi wa kwanza, wa Mwanjelwa, aliigonga kwa kucha akasikiliza mlio wake. "Dada, hii si chuma. Hii ni aluminiamu. Nikiipiga nyundo inapasuka kama kikombe." Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu alitaka kuipiga nyundo, nikamnyang'anya. Niliuliza maduka ya spea kama nitapata nyingine. Rimu za saizi ile zilikuwepo, lakini matundu manne, si matano, na sura yake haikufanana kabisa. Mama angeijua hata gizani. Aliyafuta yale magurudumu kwa mkono wake kila mwaka kabla ya safari ya Uyole.

Jioni ile nilirudi kwangu mtaa wa Soweto, nikawapikia watoto, nikashindwa kula. Nilifikiria kuondoka kwenda Kyela kwa dada yangu na kuacha funguo kwa mlinzi. Nilipanga mpaka nguo za kubeba. Kilichonizuia si ujasiri. Mtoto wangu mkubwa alikuwa anafanya mtihani wiki ile.

Ni yule fundi wa kwanza aliyenipigia simu. "Nimekumbuka. Kuna mzee yuko Iringa, Mlandege. Ananyoosha aluminiamu kwa moto na jeki. Nyanda za Juu nzima simjui mwingine. Akishindwa yeye, basi."

Alhamisi nilipanda basi la alfajiri, rimu miguuni. Njia nzima niliomba. Sikuomba nisamehewe, niliomba nisijulikane, nami najua ni maombi ya namna gani hayo. Tulipopita Mafinga, malori ya mbao yakiwa yamejipanga barabarani, nilianza kulia bila sauti, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akanipa kitambaa bila kuuliza. Nadhani alidhani naenda msibani.

Fundi wa Mlandege alikuwa mzee mwembamba, amevaa koti la kazi lililotoboka kwa cheche. "Kamwene," akanisalimu, nami nikajibu vivyo hivyo ingawa mimi si Mhehe. Alitoa rimu kwenye kiroba, akaifunga kwenye ekseli ya zamani aliyoisimika ukutani, akaizungusha. Iliyumba kama mlevi. Akaisimamisha, akavaa miwani, akapitisha kidole kwa ndani ambako tairi hufunika. Kidole kikasimama mahali.

"Mwanangu, rimu hii umeitoa wapi?"

"Ni ya tajiri yangu, Mbeya."

"Hapa iliwahi kupasuka ikachomelewa. Na aliyechomelea ni mimi. Naijua kazi yangu."

Nilimwambia haiwezekani. Lile gari halikuwa limepata ajali hata siku moja. Mama mwenyewe aliniambia hivyo mara nyingi, kwamba mwanawe alikuwa mwangalifu, hakuwahi hata kulichubua.

Mzee akavuta kigoda. "Alikuja kijana wa Kihindi, mrefu, Kiswahili chake cha Mbeya kabisa. Alibeba rimu hii ameifunga kwenye shuka. Alikaa palepale ulipokaa wewe, juu ya tairi, toka asubuhi mpaka saa kumi. Nilimnunulia chai hakunywa. Aliniambia, mzee, nisaidie, nyumbani wasijue. Krismasi mbili alinipigia simu kunitakia heri. Halafu akanyamaza. Nikajua amekwenda Ulaya."

"Alifariki," nikasema. "Moyo."

Mzee alivua miwani akaifuta kwa koti lile chafu, ikazidi kuchafuka. Kisha akasimama, akawasha gesi.

Alifanya kazi taratibu mno. Alipasha moto ukingo, akapima joto kwa kuusugua na kipande cha sabuni mpaka sabuni ikabadilika rangi, akaweka jeki ndogo katikati ya rimu na gogo la mti mgumu mbele yake, akasukuma. Kidogo. Akaacha. Akapasha tena. Nilikuwa nimeshika magoti yangu. Ukingo ulianza kurudi, nami kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikavuta pumzi hadi mwisho. Kisha rimu ikalia, ka. Mlio mdogo tu. Mzee akazima gesi.

Ilipasuka palepale pa zamani, na ufa ukaenda mbele zaidi kuliko kovu la kwanza.

"Naweza kuichomelea tena," akasema. "Nikaisugua, nikaipaka rangi, hakuna atakayeona. Itashika upepo. Lakini nakwambia ukweli, hiyo itakuwa rimu ya kusimamia, si ya kutembelea. Mwendo wa arobaini, hamsini, ikikutana na shimo inaachia."

"Wanaiendesha mara moja kwa mwaka tu. Hadi Uyole."

"Wanaiendesha kina nani?"

Nilikuwa nawaona: mzee kwenye usukani na macho yake mabovu, mama kando yake, upande uleule wa kushoto, malori ya Tunduma yakija mbele yao. Nilijua nikinyamaza siku tatu tu nimepona. Na nilijua nikinyamaza naweza kuwaua. Nasema kwa aibu kwamba sikuamua pale. Nilimwambia aichomelee. Aliichomelea, akaisugua, ikawa nzuri kuliko nyingine tatu. Alipoirudisha kwenye kiroba alisema, "Yule kijana nilimpa rimu ya kutembelea. Wewe nimekupa ya kusimamia. Usichanganye." Nililala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, nguo na viatu mwilini.

Ijumaa mchana nilirudi Mbeya, tairi likavishwa tena, nikaifunga ile rimu kwenye gari. Ilishika upepo. Nikashusha jeki, nikafunika turubai. Walifika jioni wamechoka, na mama akaniuliza kama watoto hawajambo. Nikasema hawajambo. Akaingia ndani. Nilikuwa nimeshafika getini na mkoba wangu begani niliporudi. Siwezi kusema ni dhamiri. Niliona miguu inarudi.

Walikuwa sebuleni. Nilipiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika nyumba ile, nikasema yote kuanzia barabara ya Chunya. Mzee alisimama. Alinifokea kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili, akaniambia niweke funguo mezani nisirudi tena. Nikaziweka. Nilipokuwa mlangoni ndipo mama aliposema, "Rudia hapo kwa fundi. Nani alikuwa anakaa juu ya tairi?"

Nikarudia. Akataka nirudie tena. Mzee akakaa chini.

Jumapili gari halikwenda Uyole. Nilisikia kwa mlinzi kwamba walifanya ibada, wakafunga mlango. Mimi nilikaa Soweto wiki mbili bila kazi, nikiambiwa na kila dereva niliyemuuliza kwamba habari zangu zimeshafika kila mahali. Mwanamke aliyejaribu gari la marehemu, ndivyo walivyoniita. Kuna siku nilijifungia chooni ili watoto wasinione.

Wiki ya tatu mama alituma mlinzi kuniita. Nilimkuta amekaa ndani ya gari la kijivu, kiti cha nyuma, tayari, na funguo ziko mahali pake. "Nipeleke Iringa," akasema. Hakueleza kama nimerudishwa kazini. Nami sikuuliza.

Fundi alitutandikia gunia safi juu ya tairi, lakini mama alisimama. Alimwuliza maswali kama mtu anayenunua kitambaa, moja moja, bila haraka. Alivaa nini? Alikula? Alicheka? Fundi alijibu alivyoweza. Hakukumbuka nguo. Alikumbuka kwamba kijana alikuwa akiweka mkono kifuani kila mara akivuta pumzi, na kwamba yeye alidhani ni woga tu.

"Alikuwa anamwogopa baba yake," mama akasema.

Fundi akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Nilimuuliza. Alisema baba atapiga kelele atanyamaza. Alisema anayemwogopa ni mama."

Mama akakaa juu ya lile gunia. Alikaa hapo muda mrefu, mikono juu ya mapaja, na fundi akaondoka kwenda kujifanya anatafuta spana. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa mimi niliyeileta habari ile.

Njiani kurudi tukauingia msitu wa misonobari wa Sao Hill. Kulikuwa na ukungu, nikawasha taa.

"Na wewe siku ile," akasema kutoka nyuma, "uliniogopa mimi au mzee?"

Ningeweza kudanganya. "Wewe, mama."

Niliangalia kioo. Alikuwa amegeukia dirishani, anatazama miti. Baada ya kilomita nyingi aliniambia nipunguze mwendo kidogo, ingawa nilikuwa naendesha taratibu kama siku zote.

Mzee aliagiza rimu nyingine nje, ikachukua miezi kufika. Ile niliyoipinda mama aliichukua ndani, nami sijui aliiweka wapi. Niliendelea kumwendesha miaka miwili zaidi, mpaka walipohamia kwa binti yao. Lile jekundu sikuliwasha tena. Jumamosi alikuja dereva mwingine kulitoa, nami siku hizo mama aliniambia nisije kabla ya saa nne.