Mficha Uchi Hazaliwi

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka hata siku niliyobatizwa. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, upepo unapita juu yake taratibu, na mimi nilikuwa juu ya baiskeli ya baba nakimbilia Kibiti kuangalia mpira. Nyuma yangu niliacha dungu tupu.

Jumapili utaingia majini kubatizwa. Umeniomba neno, na siku hizi sauti yangu haifiki mbali, ndiyo maana naandika. Nimetoka kuzika juzi. Usishangae basi nikianza mbali.

Ninyi mmezaliwa lami imeshapita, dungu mnalisikia tu. Ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Mpunga ukikaribia kuiva, nusu ya kijiji chetu cha Mtawanya ilishuka bondeni kukaa madunguni na kuamia, yaani kuwafukuza kwelea, ndege wadogo wala nafaka. Kila dungu lilitoa kamba zilizofungwa makopo matupu hadi mwisho wa shamba. Ndege wakitua, unavuta kamba, makopo yanalia bonde zima, nao wanaruka kama moshi. Tuliimba kutoka dungu hadi dungu, tukataniana kwa kupiga kelele, tukala pepeta ya mpunga mchanga ikiwa bado ina joto la kinu. Nimekula vyakula vingi tangu hapo. Ile pepeta sijaipata tena.

Nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya nyumba chache za Wakristo pale. Baba alitoka Mahenge kuja kufanya kazi ya barabara, akabaki. Hatukuhesabiwa wageni. Idi tulikula kwa majirani zetu Waislamu, Krismasi walikula kwetu, na msiba ulikuwa wa wote.

Mwaka ule jirani yetu Bi Tatu alifiwa na mumewe mpunga ukiwa unachanua. Akaingia eda. Unajua mwenyewe, mjane akiwa edani hatoki kwenda shamba, na ndege hawangoji miezi minne na siku kumi. Wazee wakasema mpunga wa mjane hauwezi kuliwa sisi tukitazama. Wakachagua vijana wawili tuamie kwa zamu, leo huyu kesho yule. Mmoja mimi, wa pili Shabani, rafiki yangu tangu tukiwa tunatambaa.

Siku ninayokwambia ilikuwa zamu ya Shabani. Mama yake aliamka na homa, akaniomba tubadilishane ampeleke zahanati. Nikakubali. Hakuna aliyejua ila sisi wawili. Mchana nikapata habari kwamba Kibiti kuna mpira. Nikajisemea, ni alasiri moja tu, kwelea watajuaje?

Kwelea walijua. Niliporudi jua linazama, masuke yalikuwa yamesimama wima. Suke lenye punje huinama, mwanangu. Lililoliwa husimama kama mtu mwenye majivuno. Shamba zima lilikuwa limesimama.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, wazee wakatuita barazani pa msikiti. Wakamwuliza Shabani, maana zamu ilikuwa yake.

"Tulibadilishana na Toma," akasema. "Nilikuwa na mama zahanati."

Mzee mmoja akanigeukia. "Toma, ni kweli haya?"

Watu wote walinitazama. Nikasema, "Mimi habari hiyo siijui."

Maneno manne. Shabani alinitazama, wala hakugombana. Nadhani alikuwa akingoja nicheke, niseme natania. Sikucheka.

Tangu siku ile jina lake likawa Shabani Kwelea. Akipita, watoto walitikisa makopo. Barua ya posa aliyokuwa amepeleka kwa watu fulani ikarudishwa haijafunguliwa. Kabla mwaka haujaisha akafunga mzigo, akapitia Nyamisati, akavuka kwenda visiwani kukata boriti kwenye mikoko. Mimi nilimwona akiondoka. Nilijifanya naziba pancha.

Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Ukaja mkutano wa injili Bungu, nikaenda kwa ajili ya magitaa. Mhubiri akasoma habari za Nikodemo, yule mkubwa aliyemwendea Yesu, akaambiwa kwamba mtu asipozaliwa mara ya pili hawezi kuuona ufalme wa Mungu. Sikudanganyi, moyo wangu uliwaka. Nililia mbele za watu. Wakatubatiza kwenye kijito nyuma ya Bungu, maana mtoni kuna mamba, na mamba hawajaokoka. Nilitoka majini nikijiona mwepesi kama unyoya.

Nikawa hodari wa kushuhudia. Nilisimama kila Jumapili, nikataja pombe niliyokunywa, ngoma nilizocheza, matusi niliyotukana. Watu wakapiga makofi. Dungu sikulitaja. Lakini usidhani nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nalipita pembeni, kama mtu apitavyo pembeni ya nyumba ya anayemwogopa.

Basi siku moja tuko nje ya kanisa letu la udongo pale Bungu, lori la boriti likasimama kando ya barabara. Akashuka Shabani, mweusi kwa jua, miguu imechanjwachanjwa na magome ya mikoko.

"Mlokole!" akaita. "Shikamoo baba mchungaji!"

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Tukashikana mikono. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nasikia umezaliwa upya. Nimefurahi, wallahi. Sasa utawaambia?"

Nilijua anasema nini. Nikamjibu kwa jibu nililokuwa nimeliandaa siku nyingi: "Shabani, yule wa dunguni alikufa majini. Mimi ni mtu mpya. Ya kale yamepita."

Akatikisa kichwa.

"Una bahati, Toma. Aliyefanya amekufa. Mimi nisiyefanya bado natembea na jina lake."

Akapanda lori.

Sasa, nyuma yetu alikuwa amekaa Mzee Anselmi, mzee wa kanisa, anasuka kamba ya ukili. Alikuwa mtu wa maneno machache, darasa la nne kama mimi, lakini Biblia yake ilikuwa imechakaa kwa kusomwa. Alingoja wenzangu waondoke.

"Tomasi, kaa hapa. Dunguni kuna nini?"

Nikamweleza. Nilitegemea aniambie kwamba Mungu amekwisha kusamehe. Hakusema. Alisuka hatua mbili tatu, akauliza, "Mtoto akizaliwa, huja amevaa nini?"

"Hajavaa kitu, mzee."

"Wewe umezaliwa umevaa kanzu na kofia. Ni mtoto gani huyo?"

Nikainama.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," akaendelea. "Mimi nakuongezea: wala hazaliwi. Ulipoingia majini ulishika kitu kimoja kwa mkono, ukakiinua juu kisilowe. Kitu hichohicho ndicho Mungu alichokuwa anakitaka."

"Lakini mzee, imeandikwa ya kale yamepita."

"Yamepita kwako. Kwa Shabani yamepita? Kuzaliwa upya hakukupi ruhusa ya kumkimbia uliyemwumiza. Kunakupa miguu ya kumwendea. Yule wa kale asingeweza kwenda, alikuwa mwoga. Mpya tunamwona leo, kama yupo."

Akaonyesha mitini. "Yesu alimwambia Nikodemo habari za upepo. Upepo huuoni. Umekaa dunguni miaka mingapi? Uliujuaje?"

"Mpunga uliinama."

"Basi. Roho naye hatumwoni. Sasa niambie, kwako wewe kimeinama nini?"

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi ya watu waliosoma mpaka ng'ambo. Hakuna swali lililonipiga kama lile.

Vijana wenzangu wa kanisa walipojua ninataka kwenda kusema, walinizuia. "Utatuaibisha kwa Waislamu! Watasema walokole ni waongo." Mzee Anselmi akawajibu, "Acheni wacheke. Mtoto akizaliwa watu hucheka."

Nilianza kwa Bi Tatu. Nilimkuta anapeta mchele. Nikampigia magoti, nikamwambia yote. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Mpunga?" akasema. "Mpunga ule nilishausahau, mwanangu. Majirani walinilisha, na wali wao ulikuwa mtamu kuliko wangu. Kinachoniliza ni mdomo wangu. Mama yake Shabani amefariki, huu ni mwezi wa tatu, na tangu siku zile sikumpa salamu. Nilimwambia amezaa mwongo. Nitamwambia nani sasa?"

Hilo sikulitegemea. Nilidhani kosa langu ni la watu wawili. Kumbe uongo ni kama kwelea, hatui mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki, na mama wa watu alikwenda kaburini bila salamu kwa sababu mimi nilitaka kuangalia mpira.

Bi Tatu alipomaliza kulia akaniambia, "Usiniletee mimi ndani. Ulikanushia wapi? Kaseme palepale."

Ijumaa nikasimama pale barazani watu wanatoka kusali. Nikasema zamu ilikuwa yangu, niliondoka, na Shabani alisema kweli. Mmoja akasema, "Sasa sisi tumfanyeje huyu?" Mwingine, mzee aliyeniuliza mwaka ule, akaniangalia sana. "Umechelewa, Toma," akasema. "Lakini umekuja." Kutoka nyuma, mtu akatikisa kopo. Safari hii lililia kwangu. Nililistahili.

Kisha nikavuka. Nilipanda mashua Nyamisati, nikateremka kwenye dago, kambi ya wakata boriti. Shabani alikuwa ndani ya matope mpaka magotini, na shoka begani. Nikaingia matopeni na viatu vyangu vya kanisani.

"Nimewaambia," nikasema. "Palepale msikitini. Na Bi Tatu nimemwambia."

"Na mama?"

Nikatazama matope. Akateremsha shoka, akakata mti uliokuwa mbele yake mpaka ukaanguka, akaurukia mwingine, akaukata nao. Nilisimama maji yakapanda. Mwishoni akasema, "Shika upande huo, usisimame kama mchungaji." Nikashika. Tukabeba boriti pamoja hadi jioni bila kusema neno. Huo ndio msamaha nilioupata, na nakuambia ulikuwa mzito begani.

Hakurudi Mtawanya. Alioa kulekule, akazaa kulekule. Lakini kila msimu wa mpunga nilimpelekea pepeta, naye akanirudishia kaa na kamba. Akawa ndugu yangu mpaka uzee wetu. Hakuna siku aliyonikumbusha. Ila tukikaa pamoja na ndege wakipita, tulikuwa tunanyamaza sote wawili.

Juzi tumemzika Nyamisati, alikokuwa amehamia uzeeni. Waliniachia nafasi kwenye ukingo wa kaburi, nikatia mchanga mara tatu kama wenzangu. Nikarudi kukaa mkekani. Ndipo nikamsikia mzee mmoja wa kwetu akimwambia mwenzake, "Maskini Shabani Kwelea, ametutoka." Hakuwa na ubaya. Alilitaja kama jina tu. Mjukuu wa marehemu akauliza, "Babu, kwa nini walimwita Kwelea?" Yule mzee akajibu, "Aliachia ndege shamba la mjane, zamani hizo."

Zaidi ya miaka arobaini, mwanangu. Ukweli nilioupeleka kwa miguu yangu haukumfikia mzee yule, na uongo niliousema nimekaa ulimfikia.

Nilikuwa nimechoka, machozi yamenikauka. Kulikuwa na sauti ndani yangu ikisema, nyamaza, ni msiba, ya kale yamepita. Niliitambua sauti ile. Nikashika bega la jirani yangu, nikasimama, nikasema mbele ya waombolezaji wote: "Hakuachia yeye. Niliachia mimi. Zamu ilikuwa yangu, na nikamkana mbele ya wazee." Nikamweleza mjukuu wake toka mwanzo hadi mwisho, kama nilivyokueleza wewe. Kijana alisikiliza, akanisogezea mkeka vizuri, akasema, "Kaa babu, utaanguka."

Basi neno langu kwako ni hili. Watakuambia kuzaliwa mara ya pili ni kuanza ukurasa mweupe. Mimi sikuuona ukurasa huo. Mungu husamehe siku ileile, hilo naliamini na nitafia ndani yake. Lakini mtu mpya anazaliwa katika kijiji kilekile, kwa majirani walewale, na kazi yake ya kwanza ni kwenda alikokimbia yule wa zamani. Ukitoka majini usitazame kama umekuwa mwepesi. Tazama kama umeinama. Na uongo uliolitupia jina la mwenzako, usidhani utausafisha mara moja ukaanika. Utausafisha kila utakapousikia, hata ukiwa mzee, hata kaburini pake.

Kama kuna kitu umekishika juu kisilowe, nenda kakiseme kabla ya Jumapili. Ukishindwa, kiseme Jumatatu. Ila usikae miaka kama mimi, maana mama wa watu hawatungoji.

Mungu akutie majini ukiwa mtupu, akutoe ukiwa wake. Akupe rafiki wa kukwambia, "Shika upande huo." Na siku utakapozikwa, jina litakalotajwa mkekani liwe ulilopewa na mama yako. Amina.