Justa alivyomfungia mwanawe geti la reli

Saa moja asubuhi, Mkuyuni jijini Mwanza. Simu ya stesheni inalia ndani ya kibanda. Justa Shigela (48) anasikiliza, anaitika, kisha anatoka na bendera nyekundu na kushusha geti. Honi zinaanza papo hapo.

"Mama, treni yenyewe iko wapi? Mbona haionekani?" anafoka dereva wa bajaji.

"Inakuja," anajibu bila kugeuka.

Reli hii kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Leo inapita katikati ya nyumba, maduka na foleni za magari, na kwa miaka kumi na tisa Justa amekuwa akiisimamishia barabara. Ametukanwa. Amerushiwa maji. Mtu mmoja aliyelazimisha kuinua geti alimvunja kidole.

Lakini hakuna kilichomuuma kama Jumamosi aliyooa mwanawe wa kwanza, Yeremia, mwaka jana.

Mwenzake wa zamu aliugua ghafla, Justa akaombwa ashike geti mpaka saa sita. Akaja na gauni lake la sherehe, juu yake kizibao cha usalama. Saa tano simu ikalia: treni ya mizigo imeondoka stesheni ya Fela. Akafunga; likishafungwa haliinuliwi mpaka treni ipite. Mara msafara wa bwana harusi ukatokea, matarumbeta mbele.

Shemeji yake, Masalu, mwenyekiti wa kamati ya harusi, akashuka garini.

"Shemeji, inua hilo geti. Huyu si mwanao?"

"Ndiyo maana siinui."

Huko njiani ng'ombe walikuwa wameingia relini, treni ikachelewa. Msafara ulisubiri karibu saa nzima. Matarumbeta yakanyamaza. Yeremia hakushuka garini. Kanisani ndoa ilifungwa harakaharaka, na Justa alifika wakati wa picha.

"Masalu hanisalimii mpaka leo," anasema. "Wanasema wangepita hata mara mbili kabla treni haijafika. Kweli, wangepita. Lakini nikimfungulia mwanangu, kesho nitamfungiaje mtoto wa mwenzangu? Nililia, ndiyo. Nililia geti likiwa limefungwa."

Mwaka mzima Yeremia hakupiga simu. Mwezi uliopita alipiga kutoka Tabora anakoishi: mkewe, Rebeka, amejifungua mtoto wa kike; mama aje.

Justa ameomba likizo ya Desemba. Atakwenda kwa treni, mara yake ya kwanza kuipanda.

"Wakiniuliza habari za siku ile, siombi msamaha," anasema. "Nitampakata mjukuu wangu, niwaambie: ningefunga tena."