Mabati ya Kaijage

Iko siku moja naikumbuka kila ninapoona watu wamezunguka karata, mwanangu, na siku hiyo mshindi nilikuwa mimi. Nakwambia mapema ili usije ukadhani nakusimulia habari za kijana aliyecheza mpaka akauza suruali yake. Vijana hao wapo, ukitaka utawakuta pale sokoni mbele ya mashine za kamari, hizi za dubwi, wanagonga vitufe mpaka vidole vinauma. Mimi sikuwa hivyo. Mimi nilikuwa na kipimo, na nilijisifu kwa kipimo changu.

Jana nilikuona barazani umeinamia simu. Nikakuuliza unafanya nini, ukanijibu, "Nacheza karata tu, Baba, najifurahisha." Nikasogea nikaangalia. Kadi tano zimepangwa, unashika unazozitaka, unatupa nyingine, mashine inakupa mpya. Hukujua kwa nini niligeuka nikaingia ndani. Mchezo ule ninaujua kuliko ninavyoijua njia ya kwenda msikitini, na ninasema hivyo kwa aibu.

Sisi mchezo huo tuliletewa na vijana waliorudi vitani Uganda. Walikwenda wakiwa mgambo, wengine hata ndevu hazijaota, wakarudi na redio za mkononi na usingizi mbaya, na pakiti za karata mfukoni. Walikuwa wakizicheza kwenye mahandaki wakisubiri amri. Miaka michache baadaye mchezo ule ulikuwa umefika mpaka visiwani Muleba, kwa wavuvi wa dagaa, na mimi ndiko nilikokuwa nikifanya biashara. Nilinunua dagaa wakavu kwa magunia, nikavusha mpaka bandari ya Kemondo, nikapeleka mjini kwa Mzee Shabani.

Huyu Mzee Shabani alikuwa na duka mtaa wa Bakoba, hapa mjini. Babu zake walitoka pwani, yeye alizaliwa hapahapa, na Kihaya chake kilikuwa safi kuliko changu. Ujanani alicheza kamari sana, akaacha, akaenda Makka. Aliposikia kwamba visiwani na mimi nakaa kwenye mkeka wa karata, hakunifokea. Aliniita nyuma ya duka, akanipa kahawa, akasema, "Zuberi, nikikukataza utanidanganya. Basi angalau usiwe mjinga. Hela ya dagaa iache kwa mwenye stoo kabla hujakaa. Ya mchezo iwe kidogo, iwe mfuko wa shati, peke yake. Dau liwe dogo, hata ukishindwa mara ishirini mfululizo bado una hela ya chai. Mfuko ukiisha, inuka. Usiongeze dau kwa sababu ya hasira. Na ukijikuta unacheza ili urudishe ulichopoteza, ujue mchezo umekwisha zamani, kilichobaki ni ugonjwa."

Nilimsikiliza, mwanangu. Katika mambo yote niliyofundishwa nikiwa kijana, hilo nililishika barabara. Mfuko wa shati ukiisha nilikung'uta mchanga nikaondoka, watu wakanicheka, mimi nikaenda kulala. Na kwa kuwa sikucheza kwa hasira, polepole nikawa nashinda. Mtu asiye na haraka akikaa na wenye haraka, hela zao humjia zenyewe. Na miaka ile watu walikuwa na haraka sana. Vita vilikuwa vimepita, na nyuma yake umekuja ule ugonjwa ambao watu waliuita Juliana, kabla hatujajua kwamba ni Ukimwi. Kila ukirudi kijijini unakuta kaburi jipya migombani. Mtu wa miaka thelathini alicheza kama anayesubiriwa na gari.

Kaijage alikuwa mmoja wao. Tulisoma wote darasa moja hapa mjini, kabla baba yake hajamrudisha kwao Kamachumu. Alikwenda vitani, akarudi, akaoa mwanamke mpole anayeitwa Justina, wakapata watoto watatu. Alikuwa na mtumbwi wake na karabai zake, na aliniuzia dagaa kwa bei ya ndugu. Kijijini alikuwa amesimamisha nyumba ya matofali, kenchi ziko juu, bado kuezeka tu. Wakati huo familia ililala kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, na nyasi zenyewe zilikuwa zimeoza.

Alipoanza kukonda, kila mtu aliona na hakuna aliyesema. Vidonda vilimtoka mdomoni. Aliuza mtumbwi. Akabaki kisiwani akicheza karata, kwa sababu kazi ya kuvuta nyavu hakuiweza tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi mpevu. Dagaa hawavuliwi mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo wavuvi wote walikuwa nchi kavu, mchana, jua kali, tumekaa kwenye kivuli cha banda la nyavu. Tulianza watu sita. Wanne wakaishiwa wakainuka. Tukabaki mimi na Kaijage. Mfuko wangu wa shati ulikuwa umevimba, na humo nilikuwa na karatasi ya ahadi ya injini ya mtumbwi niliyoishinda kwa Mganda mmoja asubuhi ileile.

Kaijage akasema, "Weka ile injini."

Nikamwambia, "Wewe huna cha kuweka, ndugu yangu. Twende tukale."

Akatoa risiti imekunjwa mara nne. Ilikuwa risiti ya mabati. Alikuwa ameyanunua kwa hela ya mtumbwi, yakawekwa kwenye stoo pale Kemondo yakisubiri fundi.

"Kaijage, hayo ni ya nyumba."

"Najua ni ya nini." Alikuwa na sauti ndogo siku hizo, mpaka umsogelee. "Nikipata injini nitaikodisha. Watoto watakula hata nisipokuwepo. Bati haliliwi."

"Na ukikosa?"

Akanitazama. "Zuberi, tangu mwaka jana watu wananionea huruma. Wewe usianze. Gawa kadi."

Nikagawa. Maneno yake yale nimeyatumia miaka mingi kujitetea. Nilijiambia kwamba nilimheshimu, kwamba mtu mzima amechagua mwenyewe. Lakini nitakwambia kilichotokea mkononi mwangu, kwa sababu hakuna aliyekiona ila Mungu na mimi. Alitupa kadi moja, akachukua moja. Mimi nilitupa mbili, nikachukua mbili, nikafunua nikaona wafalme watatu. Nilijua nimemshinda, maana niliujua uso wake tangu tukiwa watoto. Ningeweza kuzichanganya zile kadi chini, nikasema nimekosa. Angekwenda na injini yangu, ambayo asubuhi haikuwa yangu. Nisingepungukiwa hata na sukari ya chai. Nikakaa nazo kwa muda, nikaziona nzuri, nikazilaza kwenye mkeka.

Kaijage alizitazama, akanisukumia risiti, akaniomba nimsaidie kusimama kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nikamsaidia. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumgusa.

Mabati nikayachukua Kemondo. Nilikuwa najenga Kibeta, nimeshapeleka posa kwa kina mama yako. Nikaezeka, nikaoa, watu wakanipongeza kwa kuwa kijana mwenye mpango. Mama yako aliniuliza mara moja nilikotoa hela ya mabati. Nikamjibu, "Biashara."

Masika yalipoanza, Justina alikuja. Alikuwa ametembea sehemu ya njia na sehemu amepanda lori. Mama yako alimpa uji, akaushika bila kuunywa.

"Shemeji," akaniambia, "sikuja kudai. Mume wangu amenieleza kila kitu na amesema ulishinda kwa haki. Nimekuja kuomba mabati kumi tu, kwa mkopo. Chumba kimoja. Mvua inamnyeshea pale alipolala. Tunahamisha kitanda kona hii na kona hii, na sasa kona zimekwisha."

Nyumba yetu ilikuwa na stoo ya nje, nayo ilikuwa na mabati kumi na mawili. Stoo, mwanangu. Humo mlikuwa na majembe na magunia matupu. Nikamjibu kwa sauti ya upole, ndiyo maana inaniuma zaidi. Nikasema, "Shemeji, karata ni karata. Nikianza kurudisha, kesho watakuja wote." Nikampa nauli ya kurudi na kilo mbili za sukari.

Aliiweka sukari mezani, akachukua nauli. Akasema, "Asante, shemeji," akaondoka. Mama yako hakuniuliza tena nilikotoa mabati.

Kaijage alikufa mvua zikiendelea. Nilisikia kwamba katika siku zake za mwisho walimfunika kwa majani ya mgomba juu ya blanketi, Justina ameshika jani moja juu ya uso wake mpaka mikono ikachoka. Sikwenda kuzika. Nilisema nina homa.

Nilipokwenda Bakoba kupeleka magunia, nilimkuta Mzee Shabani ameshajua. Safari hii hakunipa kahawa. Alinisimamisha mbele ya wateja.

"Ni kweli umechukua paa la mgonjwa?"

"Nilishinda, Mzee. Nilifuata yote uliyonifundisha. Sikuvuka kipimo hata siku moja."

Kisha akasema, "Kipimo kile nilikupa usije ukamwibia mama yako. Sikukupa ili ukae unamsubiri mtu asiye na kipimo amalize vyake. Uliona ameshapita mwisho wake, ukaendelea kugawa. Chukua magunia yako. Tafuta duka lingine."

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na nililia njia nzima nikipita Bilele, mtu mzima na baiskeli yangu.

Wiki ileile nikapanda juu ya nyumba na nyundo. Mama yako alihamisha vyombo kwenda kwa mama yake bila kuambiwa. Nikang'oa bati moja moja, nikakodi lori, nikayapeleka Kamachumu yakiwa na matundu ya misumari. Justina alikuwa amekaa mlangoni pa kile kibanda, amenyoa kichwa, na nikaona shingo yake ilivyokonda, nikajua na yeye anao ule ugonjwa. Nikapiga magoti. Nikasema niliyosema.

Akasubiri nimalize. Akasema, "Yaweke pale, shemeji. Sina nguvu ya kukufukuza."

Nilimleta fundi, tukaezeka ile nyumba. Nikajiona nimelipa. Mwaka haukuisha, Justina akazikwa kando ya mumewe. Kaka yake Kaijage akachukua kibanja, lile shamba la migomba, na nyumba, akisema ni mali ya ukoo, na watoto watatu wakapelekwa kwa bibi yao mzaa mama wakiwa na kifurushi kimoja cha nguo. Mabati yale yakamfunika mtu ambaye hakuwahi kumletea mgonjwa hata kikombe cha maji. Nilipokwenda kulalamika, aliniuliza mimi ni nani katika ukoo wao.

Miaka mingi baadaye nilikutana na binti yao mkubwa Muleba, mwalimu sasa, mtu mzima mwenye miwani. Nikajitambulisha kwamba nilisoma na baba yake. Akafurahi sana, akanikaribisha chai. Katika mazungumzo akasema, "Mama alikuwa akitusimulia. Baba alitununulia mabati, wezi wakayaiba Kemondo. Ndipo akafa kwa huzuni."

Justina hakuwaambia kwamba baba yao aliyacheza. Alimfichia mumewe aibu, na kwa kumfichia yeye akanificha na mimi. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema. Nikanywa chai ya yule binti mpaka ikaisha, nikamshukuru, nikaenda kupanda gari.

Basi, mwanangu, sikukatazi kwa fimbo, maana nikikukataza utanidanganya, na simu ni yako. Dini yetu imeshalisema jambo hili na wewe umelisikia tangu chuoni ulikosoma Kurani. Lakini kama utacheza, cheza kwa hela ambayo hukuiahidi kwa mtu yeyote, si kwa mwenye nyumba, si kwa mama yako, si kwa mtoto. Itenge kabla hujafungua hiyo mashine, iwe ndogo, na ikiisha usiongeze. Dau lisipande kwa sababu una hasira, wala kwa sababu una furaha. Ukiona unaficha, umeshavuka. Na usiku wa huzuni usicheze kabisa.

Hiyo mashine, mwanangu, inacheza kama nilivyocheza mimi. Haina haraka, haichoki, haikuonei huruma, na ukifika mwisho wako itaendelea kugawa. Haitakuambia twende tukale. Mimi angalau nilisema hivyo mara moja, ingawa sikusisitiza.

Na siku ukikaa na mtu wa nyama na damu, mtazame kabla ya kutazama kadi zako. Weka kipimo cha utakachopoteza, na weka kingine cha utakachokubali kuchukua. Hicho cha pili hakuna aliyenifundisha mapema, na ndicho kilichonigharimu. Ukimwona mwenzako ameanza kuweka mezani vitu vya watoto wake, laza kadi zako kifudifudi, hata kama zote ni wafalme. Kushindwa kwa hiari hakujamuua mtu ninayemjua.

Mungu akupe riziki isiyomliza mtu. Akupe moyo wa kuinuka mapema, na ulimi mwepesi wa kuungama wakati anayestahili kusikia bado yu hai. Mimi huo wa mwisho nilinyimwa, au niliukataa. Wewe akujalie.