Maziwa ya Shosho

Asubuhi nilikuwa nikipokea maziwa ya wakulima kwenye kituo cha kukusanyia huku Tetu, kisha nakimbilia chuo kikuu mjini Nyeri nilikosomea mambo ya vyakula. Siku moja ya mtihani nilikuwa na haraka ya kijinga. Shosho mmoja, bibi mzee jirani wa kituo chetu, alileta maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Nilitumbukiza kipima maziwa, kikazama kupita kawaida.

"Shosho, hii iko na maji," nikasema, foleni nzima ikisikia. "Rudi nayo."

Alifunika mtungi wake, akaenda.

Saa tatu nilifungua karatasi ya mtihani. Swali la pili liliuliza kwa nini maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hayapimwi kabla ya kupoa. Nilijibu bila kusita: kipima huzama, na maziwa safi huonekana kama yametiwa maji. Baadaye nilipewa alama zote za swali hilo.

Asubuhi iliyofuata mtihani shosho alisimama mbele ya foleni ile ile, mtungi ukiwa baridi.

"Pima," akaniambia.

Nilipima. Nikasema yako sawa, kwa sauti ambayo yeye peke yake aliisikia.